Kabla Hujajaza Fomu Bodo

Ukitumwa Bodo, kijiji cha pwani ya Kwale, kuandika habari za maisha ya watu, awe aliyekutuma ni kaunti, shirika, chuo au kikundi chako mwenyewe kinachotafuta ufadhili, huenda ukakabidhiwa karatasi yenye mchoro. Mchoro huo haujabadilika sana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990: umbo la pembe tano, masanduku kushoto na kulia, na mishale inayotoka sanduku hili kwenda lile. Pembe tano ni aina tano za mali: watu na maarifa yao; ardhi, miti na bahari; fedha; vyombo, barabara na maji; kisha udugu na ujirani. Kushoto kumeandikwa misukosuko, yaani ukame, maradhi, bei kuanguka. Kulia kuna sheria na taasisi, halafu mbinu za kutafuta riziki, halafu matokeo.

Wengi hujaza masanduku wakavuka feri ya Likoni jioni hiyohiyo. Mimi nakushauri uanze na mishale. Mtu maskini wa pwani hii ya kusini mara nyingi ana kitu: ana minazi sita, ana nguvu, anaijua bahari kama ua wa nyumba yake. Kinachomshinda ni kukifikisha kitu hicho kwenye sufuria. Katikati hapo pana ruhusa, pana msimu, pana deni, pana bei ya kubadilishana. Ukiuliza "una nini?" utapata orodha. Ukiuliza "unakitumia kwa idhini ya nani, miezi gani, na pesa yake inapita mikononi mwa nani kabla haijakufikia?" utaanza kuelewa kwa nini mwenye orodha ndefu analala njaa mwezi wa Juni.

Mchoro si mgeni Kwale

Inafaa ujue karatasi yako ilikotoka, maana nusu ya makosa yanayofanywa nayo yalishaonywa na watu walewale walioiandaa. Jina la kwanza ni Robert Chambers, Mwingereza aliyekuwa afisa wa wilaya wa serikali ya kikoloni hapa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950, akafanya kazi Samburu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilikuwa na mpango maalumu wa maendeleo ya vijijini, SRDP, uliojaribiwa katika maeneo sita: Mbere, Tetu, Migori, Vihiga, Kapenguria na Kwale yetu. Chambers, akiwa mtafiti Nairobi, alihusika na tathmini ya mpango huo. Mwaka 1983 alitoa kitabu kilichowasuta wataalamu wa maendeleo kwa namna wanavyotembelea vijiji, na mwaka 1992 yeye na Gordon Conway wakaandika maana ya riziki ambayo bado inanukuliwa: uwezo wa mtu, mali yake, pamoja na madai na haki alizonazo kwa wengine, na shughuli anazozifanya ili aishi.

Angalia hapo: madai na haki zilikuwamo tangu mwanzo. Zilipungua sauti baadaye. Ian Scoones alipanga mawazo hayo kuwa mfumo mwaka 1998, na mwaka uliofuata shirika la misaada la Uingereza, DFID, likatoa miongozo yenye ile pembetano. Ikasambaa dunia nzima, kwa kuwa ilichoreka vizuri na ilijazika haraka. Scoones mwenyewe alirudi mwaka 2009 na tena 2015 akilalamika kwamba siasa na nguvu za watu zimeachwa nje ya mchezo. DFID nayo ilishaacha kuitumia kwa bidii muda mrefu kabla haijaunganishwa na wizara ya mambo ya nje mwaka 2020. Karatasi imebaki. Mara nyingi ndivyo ilivyo na karatasi za wafadhili: huku mwisho wa barabara zinaendelea kutumika baada ya wenyewe kuzisahau.

Usiitupe lakini. Inasaidia kukumbusha kwamba umaskini si pesa peke yake. Takwimu za serikali za 2015/16 ziliweka mstari wa umaskini wa vijijini kwenye Sh 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi, na karibu nusu ya watu wa Kwale wakawa chini yake. Takwimu hiyo ina kazi yake, kwa mfano kwenye kugawa fedha za kaunti, ila haiwezi kukwambia kwa nini wanaume wawili wa bandari moja, wenye mitumbwi ya urefu mmoja, mmoja anasomesha mtoto sekondari na mwingine ameshindwa.

Ondoka kwenye lami, kisha ondoka kwenye mwezi wa Januari

Katika kitabu cha 1983 Chambers alitaja upofu wa wageni, na wa kwanza ni ule wa lami: mgeni huona kinachoonekana kutoka kwenye gari. Hapa lami ni ile ya Likoni hadi Lunga Lunga. Ukitoka Ukunda ukapita Msambweni, unaona maduka, shule na magari yaliyobeba miwa. Bodo iko upande wa bahari, kushoto kwako, nje ya barabara kuu, na watu wengi wanaijua kama mahali pa kupandia boti kwenda Kisiwa cha Funzi. Mgeni akifika hushuka kwenye gari, akapanda boti, akaenda zake kuona mikoko na pomboo. Kijiji amekipita mgongoni.

Upofu wa pili ni wa mradi. Pwani ya kusini ina vijiji ambavyo kila mgeni hupelekwa. Gazi ndiyo maarufu, kwa sababu ya Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013 na unaouza hewa ya kaboni kutokana na hekta 117 za mikoko, na fedha zake zikaleta maji na kusaidia shule. Ni kazi nzuri na inastahili sifa. Lakini ukisoma Gazi halafu ukaandika Bodo utakosea, na hata huko Gazi kwenyewe swali la mishale lipo palepale: fedha zinaingia kwenye mfuko wa jamii, basi aliyekuwa akiishi kwa kukata boriti alihamia kazi gani?

Upofu wa tatu ndio unaotuumiza zaidi sisi wa pwani: wa msimu. Wageni huja Disemba hadi Machi. Bahari imetulia, barabara kavu, hoteli za Diani zimejaa. Hiyo ni kaskazi, na kaskazi ni msimu wa neema kwa mvuvi. Mashua zinatoka nje ya mwamba, wavuvi wa dago kutoka Pemba wanapiga kambi, samaki wanaonekana, deni linalipwa. Ukijaza fomu Februari utamwandika mvuvi kuwa mtu mwenye nafuu. Rudi kusi imeshika, kuanzia Mei mpaka Agosti. Upepo unavuma kutoka kusini, mawimbi yanaukataa mtumbwi mdogo, na aliyezoea kuvua nje anabaki ndani ya ghuba na kando ya mikoko pamoja na wengine wote. Na masika imenyesha, shamba limepandwa lakini halijaiva. Miezi hiyo ndiyo inayoamua mtu kama ni maskini au la.

Kwa hiyo sanduku la kwanza kwenye daftari lako liwe kalenda, na kalenda ya hapa ina saa mbili. Moja ni ya pepo, hiyo niliyoitaja. Nyingine ni ya mwezi. Wakati wa bamvua maji hupwa sana, mwamba unatoka nje, na wanawake na vijana wanakwenda kuchokoa pweza na kuokota chaza kwa miguu, bila chombo na bila kumwomba mtu nyavu. Wakati wa maji mafu hakuna kinachotoka. Nyumba isiyo na mtumbwi inaweza kuwa na siku nzuri na siku mbaya ndani ya wiki mbili, na wewe ukija mara moja tu utakuta mojawapo. Juu ya saa hizo weka matumizi: Januari ni karo na sare za shule, Ramadhani inasogea siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo kuna miaka inaangukia kaskazi na kuna miaka inaangukia kusi. Mwulize mzee yeyote aliyefunga Ramadhani ya kusi na ya kaskazi akueleze tofauti yake jikoni.

Fuata samaki mmoja mpaka awe unga

Hapa ndipo pa kukaa kitako. Ukiwa na siku moja tu Bodo, itumie bandarini kufuata samaki kutoka chomboni mpaka sufuriani, na uandike kila mkono anaopitia.

Chombo kikitia nanga, wa kwanza kusogea ni tajiri au mtu wake. Tajiri ni mnunuzi mwenye mzani, kreti la barafu na njia ya kufika Ukunda au Mombasa. Mara nyingi ndiye aliyetoa nyavu, au mashine ya boti, au pesa ya mafuta ya alfajiri, au aliyelipia hospitali mwaka jana. Mvuvi wake anamuuzia yeye, kwa bei yake, mpaka deni liishe, na deni halina haraka ya kuisha. Kwenye fomu nyavu hizo utaziandika wapi? Ukimwuliza mvuvi kama ana nyavu atasema ndiyo, na hasemi uongo: ziko begani mwake. Uliza ziliingiaje mkononi mwake. Usimwandike tajiri kuwa mnyonyaji kabla hujauliza nani mwingine angemkopesha mvuvi asiye na hati ya shamba saa tisa za usiku mtoto anapougua. Tajiri ni benki, ni bima na ni soko kwa wakati mmoja. Gharama ya huduma zote tatu imefichwa ndani ya bei ya kilo.

Kisha uliza mafungu. Pato la siku hugawanywa kati ya chombo, nyavu na watu, baada ya kutoa mafuta. Kila bandari na kila aina ya uvuvi ina desturi yake, kwa hiyo usikisie. Vijana waliovuta kamba tangu alfajiri wanaweza kuondoka na samaki wa kitoweo na noti chache. Wale ndio usiowaona kwenye orodha ya wanachama, na mara nyingi ndio maskini kuliko wote walioko ufukweni.

Samaki wakubwa wakishaondoka, tafi wadogo na mchanganyiko unaobaki ni wa kina mama. Pwani yetu tunawaita mama karanga, kwa kuwa wanakaanga. Mtazame mmoja akifanya kazi. Ana beseni, ana karai, ana mafiga ya kuwekea karai. Anachukua samaki kwa mali kauli: anabeba leo, analipa jioni au kesho. Anawapaa magamba, anawatia chumvi, anawakata mistari ubavuni ili wakauke vizuri, anakaanga mpaka wakakamae, maana samaki mkavu atavumilia mpaka kesho na yeye hana friji wala barafu. Jioni anapanga mafungu kwenye meza ya mbao kando ya njia.

Sasa jaribu kuandika siku yake. Hesabu hii ni ya kubuni, ya kukuonyesha namna tu. Kachukua samaki wa Sh 2,000 kwa mali kauli, mafuta Sh 350, kuni Sh 100, boda Sh 100. Kauza Sh 3,000. Akishalipa wote anabaki na Sh 450. Mia moja ni ya chama cha kila siku. Unga, mboga na sukari vinakula karibu Sh 260. Anabaki na Sh 90. Karani mmoja ataandika mapato Sh 3,000 na kumtoa kwenye orodha ya maskini. Mwingine ataandika mtaji hakuna, akampendekeza apewe mtaji. Wote wawili wamekosa. Mtaji anao, ila haumo mfukoni. Umo katika imani ya mvuvi anayekubali kumpa samaki bila pesa. Na hatari anayo ambayo haikuulizwa: mvua ikinyesha jioni wateja wasipite, samaki wakabaki mezani, kesho asubuhi ana deni la Sh 2,000 na hana uso wa kurudi bandarini. Siku ambayo bahari imechafuka hakuna chombo kilichotoka, ana njaa lakini hana deni jipya. Ipi mbaya zaidi? Mwulize yeye.

Swali linalofungua mlango hapa ni hili: nani anaweza kukupa samaki leo bila pesa, na kwa nini akupe wewe asimpe mwingine? Utasikia habari za ndoa, udugu, chama, ugomvi wa zamani, mtu aliyesaidia mazishi. Hilo ndilo pembetano inaloliita mali ya jamii, na kwenye fomu nyingi huulizwa kwa swali moja: "Je, wewe ni mwanachama wa kikundi?"

Baki na samaki wako mpaka afike kwenye unga. Amartya Sen, katika kitabu chake cha 1981 juu ya njaa, alionyesha kwamba katika njaa kuu ya Bengal ya 1943 wavuvi walikuwa miongoni mwa makundi yaliyoumia mno. Mvuvi haishi kwa samaki. Anaishi kwa kile ambacho samaki wake wananunua, na Bengal mchele ulipopaa, samaki hawakuununua tena. Hesabu hiyo unaweza kuifanya Bodo kwa kalamu: andika bei anayopewa mvuvi kwa kilo, na siku hiyohiyo bei ya pakiti ya unga wa kilo mbili dukani. Tuseme kilo ni Sh 300 na pakiti Sh 150: kilo moja ya samaki, pakiti mbili. Tuseme tena samaki wamejaa bandarini bei ikawa Sh 200, na unga nao ukafika Sh 200. Kavua kilekile, ugali umekatika nusu. Si jambo la kufikirika. Katikati ya mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ilivuka Sh 200 nchini, mpaka serikali ikatoa ruzuku ya muda iuzwe Sh 100. Na Machi 2020 ndege za kimataifa zilipositishwa, Diani ikabaki bila wageni, kisha Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Kwale. Aliyekuwa akivulia hoteli kamba na pweza akakosa wa kumuuzia, na bahari ilikuwa shwari. Hakuna pembe hata moja ya pembetano ambayo ingekuonyesha hilo. Rekodi bei hizo mbili kila wiki kwa mwaka mmoja na utakuwa na kitu ambacho ofisi nyingi hazina.

Uliza ruhusa

Mshale wa ruhusa ndio unaorukwa kwa adabu, kwa kuwa majibu yake yana wenyewe. Anza na minazi, ni rahisi kuizungumza. Pwani yetu mti na ardhi si lazima viwe vya mtu mmoja. Kuna mwenye shamba, kuna mwenye minazi iliyomo, kuna aliyeiweka minazi yake rehani kwa jirani miaka iliyopita ili amlipie mtoto mahari au matibabu, na mpaka leo nazi na makuti anavuna jirani. Ukihesabu minazi kwa macho umehesabu kivuli. Juu ya hapo kuna mirathi. Wadigo wana desturi ya kale ya kurithi upande wa mama, sheria ya Kiislamu ina mafungu yake, na nyumba moja inaweza kuwa inabishana ipi itumike. Mjane anayekaa juu ya shamba huenda asijue mwaka ujao atakuwa wapi. Hati miliki nayo ni kidonda cha pwani nzima. Uliza kama ipo na imeandikwa jina la nani, kisha unyamaze usikilize.

Halafu kitambulisho. Kwa miongo mingi jamii ya Wapemba waliozaliwa na kukulia pwani ya Kenya walikuwa hawana uraia, na Wamakonde vilevile. Wamakonde waliandamana kutoka Kwale mpaka Nairobi Oktoba 2016 kudai haki hiyo, wakaipata. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023. Fikiria maana yake kwenye mchoro wako: mtu ana ujuzi wa bahari usio na kifani, ana nguvu, ana udugu, lakini bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, M-Pesa anatumia ya mwenziwe, leseni ya uvuvi hapewi, na mtoto wake akimaliza shule anarudi kwenye mtumbwi. Mali anayo, mshale mmoja umekatwa. Usidhani tangazo la serikali limemaliza jambo kwa kila nyumba. Uliza.

Bahari nayo ina milango. Kusini mwa Bodo kuna Hifadhi ya Kisite, ambamo kuvua hakuruhusiwi, na kila bandari ina BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo iliyoanzishwa kwa kanuni za 2007, inayoandikisha wavuvi na vyombo. Juya na bunduki za kuchomea samaki zimepigwa marufuku Kenya tangu 2001, na sababu za marufuku ni za kweli, maana juya hukomba hata vifaranga. Ila angalia nani anavuta juya: ni kijana asiye na mtumbwi wala nyavu, anayelipwa kwa nguvu za mikono. Sheria iliyowekwa kulinda samaki wa kesho inamgusa kwanza asiye na chakula cha leo. Utafiti wa Joshua Cinner na wenzake uliochapishwa 2009 uliwauliza wavuvi wa Kenya kama wangeacha uvuvi samaki wakipungua sana. Wale wa nyumba maskini ndio waliokuwa wagumu zaidi kuacha. Kwa hiyo mradi unaosema "tutawapa riziki mbadala, wataacha wenyewe" unaanza kwa kuwaacha nyuma walengwa wake. Ukulima wa mwani uko Kibuyuni na Mkwiro, unafanywa zaidi na wanawake, na una faida yake. Usimwandikie kijana wa juya bila kumwuliza kama angeingia majini kufunga kamba za mwani na kungoja wiki kadhaa kabla ya malipo.

Namna ya kuuliza

Fika kwa chifu au naibu wake, kwa mzee wa kijiji na kwa mwenyekiti wa BMU, na barua yako na kibali cha utafiti kama kazi yako inakihitaji. Ila usianze kwa mwenyekiti ukaishia kwa mwenyekiti. Ijumaa adhuhuri si wakati wa maswali. Wavuvi wanarudi kwa maji, si kwa saa yako. Mama karanga usimsimamishe mafuta yakiwa yamechemka. Ngoja amalize, au kaa umsaidie kupaa magamba huku mnazungumza. Mkubwa mwamkie shikamoo kabla ya jambo lolote, na kama wewe ni mwanamume, mwombe mwenzio wa kike akae na wanawake. Kuna majibu hutapewa wewe.

Usiulize mapato ya mwezi. Hakuna anayeyajua, hata wewe ukijiuliza ya kwako ya vibarua. Uliza jana: umeamka, umepata nini, umetoa nini, kwa nani. Kisha uliza juzi. Watafiti wa Kenya Financial Diaries, waliofuata karibu nyumba 300 mwaka 2012 na 2013, Mombasa ikiwemo, walirudi kwa watu walewale kila baada ya wiki mbili hivi kwa karibu mwaka mzima. Ripoti yao ya 2014 iliitwa Shilingi kwa Shilingi. Huna mwaka mzima? Chagua nyumba sita badala ya sitini na uzirudie katika kaskazi na kusi. Mkubwa wako atalalamika kuhusu idadi. Mwonyeshe tofauti ya Februari na Julai ya nyumba moja tu, ataelewa.

Ukitaka kujua nani anapanda na nani anashuka, iga njia ya Anirudh Krishna, aliyeitumia katika vijiji vya Kenya pia. Kusanya watu wa rika mbalimbali, wake kwa waume, na uwaulize: nyumba iliyokuwa hoi ikipata nafuu kidogo, inanunua nini kwanza? Halafu nini? Ni hatua gani mkiiona mnasema huyu si maskini tena? Waache wabishane, ubishi ndio data. Kisha pitieni nyumba moja moja: leo iko hatua gani, na zamani ilikuwa wapi? "Zamani" iwe tukio linalokumbukwa: mvua za El Niño za 1997, au kufungwa kwa kiwanda cha sukari cha Ramisi mwaka 1988. Krishna alikuta kwamba sababu kubwa za nyumba kuporomoka ni maradhi na gharama zake, na katika Kenya mazishi pia. Zinazopanda hupandishwa na mambo mengine kabisa. Ni mishale tofauti. Anayezuia nyumba isianguke na anayeinua iliyoanguka hawafanyi kazi moja, ingawa kwenye bajeti huwekwa mstari mmoja.

Mambo mawili ya daftari. Inua Jamii, ile Sh 2,000 kwa mwezi ya wazee waliotimiza miaka 70, iandike kama pato la nyumba, lakini uliza pia nani anaishika na inachelewa kwa muda gani, kwani duka linakopesha kwa kuitegemea. Na mgodi wa titani wa hapa Kwale, uliofunga uchimbaji mwishoni mwa 2024, uuweke kwenye kalenda, maana ulipofunga haukuathiri walioajiriwa peke yao. Ulizia waliokuwa wakiwauzia samaki, mboga na chapati.

Habari za madeni ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakubana, ila hata isingekuwepo, Bodo ni kijiji ambamo tajiri anaweza kusoma fomu yako kabla haijafika Mombasa. Jina la anayedai lisikae kwenye karatasi moja na jina la anayedaiwa. Tumia namba, na ufunguo wa namba ukae nyumbani kwako. Kabla ya kuandika ripoti rudi kijijini, soma matokeo mbele ya watu kwa Kiswahili, ukianza na kalenda na bei za samaki na unga, na uwape kalamu wasahihishe. Utakaposoma sehemu ya mafungu, kaa kimya kidogo, uangalie ni nani anayesema "siyo hivyo" na ni nani anayeinamisha kichwa. Andika yote mawili.